Sumu Iuayo Kimya: Tafakuri juu ya Elimu na Dhamana

Mghani wa mashairi hahitaji kufundishwa thamani ya kimya. Mshororo wa mizani 16 hugawika vipande viwili, 8 kwa 8, na baina ya kipande na kipande sauti hutua, pumzi ikavutwa, na maana ikapata nafasi ya kuingia moyoni. Pahala hapo pa kutua pakiondolewa, maneno yakafuatana bila ya mkato, kinachobaki si shairi tena bali ni kelele, hata kama hakuna neno lililobadilishwa.

Ubongo wa mwanaadamu nao umesimama juu ya kanuni hiyo. Fikra, kumbukumbu na kupumua ni ujumbe unaopita kutoka seli moja ya neva hadi nyengine, na kila ujumbe sharti ukome ili ujumbe mwengine upate kusikika. Ziko sumu ambazo kazi yake ni kuuondoa ukomo huo. Haziunguzi wala hazikati. Humwondolea mtu kimya kilicho baina ya neno na neno ndani ya mwili wake, mpaka ubongo ukapayuka kwa mtukutiko wa kifafa na pumzi ikakatika. Ndizo zinazoitwa sumu za neva: tabuni, sarini, somani, VX na nyenginezo, zote za ukoo mmoja wa misombo ya fosforasi.

Sumu hizi hazikuota porini. Zilitungwa na watu wenye elimu kubwa, baadhi yao wakiwa na sifa njema mbele ya ulimwengu. Kwa hiyo zinalirejesha suala la zamani kwa sura kali zaidi: je, elimu inaweza kuwa na hatia? Au hatia ni ya mkono peke yake, na elimu hubaki safi kama kisu kilicho jikoni, kisichojua kama kitakata kitunguu au kitamchoma mtu?

Kisa chenyewe kinaanzia ndotoni. Usiku mmoja wa Pasaka, Otto Loewi, profesa wa elimu ya dawa katika mji wa Graz nchini Austria, alizinduka usingizini na wazo kichwani. Akaandika maneno machache juu ya kipande cha karatasi, akalala tena. Kulipokucha hakuweza kuyasoma maandishi yake mwenyewe. Usiku wa pili, yapata saa tisa, wazo lile likamrudia. Mara hii hakungoja asubuhi. Aliondoka kitandani akaenda moja kwa moja maabara. Akatwaa mioyo miwili ya vyura iliyokuwa ingali ikipiga. Wa kwanza aliuacha na neva yake inayopunguza mapigo, akaisisimua neva hiyo kwa umeme, na moyo ukapunguza kasi. Kisha akayachukua maji ya chumvi yaliyokuwa ndani ya moyo ule, akayatia katika moyo wa pili. Moyo wa pili nao ukapunguza kasi, kana kwamba umepelekewa habari na mwenzake.

Kwa jaribio hilo ilijulikana kwamba neva husemezana kwa kemikali. Mjumbe aliyekuwemo katika maji yale alikuja kutambulikana kuwa ni asetilikolini, kemikali ambayo Henry Dale wa Uingereza alikwisha kuichunguza tangu mwaka 1914. Wawili hao walipewa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 1936.

Asetilikolini ni tarishi. Hutoka kwenye ncha ya neva moja, ikavuka mwanya mwembamba usioonekana kwa jicho, ikabisha kwenye vipokezi vya seli ya pili. Hapo msuli hukunjika, au tezi hutoa ute, au seli ya ubongo huamka. Lakini tarishi akishafikisha salamu hana ruhusa ya kubaki mlangoni akiendelea kubisha. Katika mwanya ule ule anakaa mlinzi mwengine, kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi, ambacho kazi yake ni kumkata tarishi vipande viwili mara tu anapomaliza kazi. Molekuli moja ya kimeng'enya hiki hukata maelfu ya molekuli za asetilikolini kwa sekunde moja. Ni miongoni mwa vimeng'enya vyepesi kabisa katika viumbe vyote, na wepesi wake ndio unaowezesha kidole kubonyeza kinanda na kuachia, jicho kufumba na kufumbua, na moyo kupiga na kutua. Kimya, kwa hivyo, si utupu. Ni kazi inayofanywa, na ina mfanyakazi wake.

Kabla mfanyakazi huyo hajapewa jina na wanasayansi, wako Waafrika waliokuwa wakiijua nguvu ya kumzuia. Waefiki wa Calabar, kusini-mashariki mwa Nigeria ya leo, walikuwa na mbegu ya mmea mmoja wa jamii ya kunde ambayo waliitumia katika viapo, kama vile pwani ya Afrika Mashariki nayo ilivyokuwa na viapo vyake vya kumpambanua mkweli na mwongo. Mwenye kutuhumiwa uchawi alinyweshwa mbegu hiyo iliyosagwa: akitapika na kupona, hana hatia, akifa, kifo chake ndiyo hukumu yake. Mwaka 1855 Robert Christison, daktari wa Edinburgh, aliila mbegu hiyo kidogo ili aijue, na alipoona nguvu zinamwishia aliyabugia maji ya kunyolea ndevu yaliyokuwa karibu naye ili atapike. Dawa iliyopatikana katika mbegu ile, fisostigmini, ilikuja kutibu presha ya macho. Na mwaka 1934 Mary Walker, daktari wa London, alimpa mgonjwa ambaye misuli yake ilikuwa imelegea kwa maradhi, na mgonjwa akapata nguvu kwa saa kadhaa. Sababu ni kwamba sumu ya Calabar humkamata mlinzi kisha ikamwachia. Katika kumwachia huko ndimo ilimo dawa. Loewi mwenyewe aliitumia katika utafiti wake, na mwaka 1926 yeye na msaidizi wake wakaonesha kwamba kazi yake ni kumkinga tarishi asikatwe.

Hapa ndipo tarehe mbili zinapokaribiana kwa namna ya kumfadhaisha mwenye kutafakari. Tarehe 10 Desemba 1936 ndiyo siku ya kutunukiwa Loewi na Dale huko Stockholm kwa kuufunulia ulimwengu lugha ya neva. Siku 13 baadaye, tarehe 23 Desemba, mkemia Gerhard Schrader alitengeneza tabuni katika maabara ya kampuni ya IG Farben mjini Leverkusen, Ujerumani. Schrader hakuwa akitafuta silaha. Alikuwa akitafuta dawa ya kuulia wadudu wanaoharibu mazao, na hakuna nia iliyo karibu zaidi na chakula cha watu kuliko hiyo. Mnamo Januari 1937 yeye na msaidizi wake waliathirika kwa kiasi kidogo mno cha sumu hiyo: mboni zikasinyaa, chumba kikawa giza machoni mwao, vifua vikabana. Walikaa wiki kadhaa kabla ya kurudi katika hali yao.

Sheria ya Ujerumani ya wakati huo iliamuru kwamba uvumbuzi wowote unaoweza kufaa vitani upelekwe kwa jeshi. Tabuni ikapelekwa Berlin, ikafungwa kwa muhuri wa siri. Mwaka 1938 ikapatikana sarini, ambayo jina lake limetungwa kwa herufi za majina ya wahusika wake, Schrader akiwa mmoja wao. Mwaka 1944 ikafuata somani, kazi ya Richard Kuhn, aliyepata Nobel ya kemia ya mwaka 1938. Katika kiwanda cha Dyhernfurth, mji ulioko Poland hivi leo, zilitengenezwa takriban tani 12,000 za tabuni, na wafungwa wa kambi ya Gross-Rosen walilazimishwa kufanya kazi huko. Vita vilikwisha bila ya sumu hizo kumwagwa katika medani.

Kinachotokea ndani ya mwili uliovuta sumu hizi kinastahili kuelezwa taratibu, kwa kuwa maelezo yenyewe yana mafunzo. Molekuli ya sumu hujipachika katika kimeng'enya pale pale ambapo asetilikolini ilikuwa ikikatwa, ikapaziba. Tofauti na ile ya Calabar, hii haiachii. Matarishi wanaendelea kufika wala hawaondoki, na kila mmoja anabisha mlango. Mboni zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano. Mate, machozi, kamasi na jasho vinamiminika. Misuli inachezacheza chini ya ngozi, kisha inachoka na kulegea, hata ile ya kupumulia. Na ndani ya ubongo seli zinaamshwa, na kabla hazijatulia zinaamshwa tena, mpaka makundi makubwa yanapiga kwa pamoja. Hicho ndicho kifafa. Sauti hazijapungua; zimezidi, na zote zinatamka neno moja kwa wakati mmoja, na katika ubongo ule hakuna tena wa kusikiliza.

Lakini asetilikolini si mjumbe pekee wa ubongo. Yuko glutamati, mchochezi mkuu, na yuko gaba, mtulizaji. Majaribio juu ya wanyama yamewaonesha watafiti kwamba kifafa cha sumu za neva hupita hatua tatu. Katika dakika tano hivi za mwanzo kinashikiliwa na asetilikolini, na dawa ya atropini, inayoziba baadhi ya vipokezi vya tarishi huyo, inaweza kukizima. Kisha hufuata kipindi cha mchanganyiko, ambapo ghasia zinaanza kuhamia kwa glutamati. Baada ya kiasi cha dakika 40, kifafa kimekwisha kushika njia yake. Seli zinajazwa kalisi mpaka zinakufa, hasa katika hipokampasi, ghala ya kumbukumbu. Vipokezi vya gaba, vilivyokuwa vikiitika amri ya kutulia, vinaondoka juu ya uso wa seli na kumezwa ndani, hata dawa kama diazepamu, ambazo hufanya kazi kwa kumsaidia gaba, zinapoteza nguvu kila zinapocheleweshwa. Wakati huo kumzuia tarishi aliyeanzisha ghasia hakusaidii kuzizima. Moto umehamia nyumba ya pili, na anayekizima kibiriti hauzimi.

Tiba nayo ina saa yake. Mgonjwa hupewa atropini, ambayo yenyewe ni sumu ya mmea, ikawa kweli kwamba dawa ya moto ni moto. Hupewa dawa za jamii ya oksimu, zinazoweza kuing'oa sumu kwenye kimeng'enya na kumrudisha mlinzi kazini. Hupewa diazepamu au dawa iliyo ndugu yake ili kutuliza kifafa. Lakini sumu ikikaa katika kimeng'enya kwa muda fulani, hubadilika na kushikamana nacho kiasi cha kutong'oka tena, na wanasayansi huita hali hiyo kuzeeka. Kwa sarini muda huo ni saa kadhaa. Kwa somani ni dakika chache tu. Baada ya hapo oksimu haifui dafu, na mwili sharti utengeneze vimeng'enya vipya, kazi ya siku na wiki. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa na lirejewe suala la hatia. Hoja ya kwanza ya watetezi wa elimu ni ile ya kisu. Elimu, wanasema, haina mkono. Loewi aliyegundua tarishi na Schrader aliyegundua namna ya kumzuia mkataji wake, wote wawili walikuwa wakiusoma ukurasa mmoja wa maumbile. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Bila ya kuujua ukurasa huo, leo kusingekuwa na dawa za kulegeza misuli chumba cha upasuaji, wala zile zinazowasaidia baadhi ya wazee waliosahau majina ya watoto wao, ambazo nazo humzuia mkataji yule yule kwa kipimo cha upole. Anayetaka kuichoma elimu yote ya neva kwa sababu ya sarini anataka kuwazika na wagonjwa hao.

Hata hivyo hoja ya kisu haifiki mbali. Kisu cha jikoni kina matumizi elfu. Sarini iliyotiwa ndani ya kombora ina moja. Baina ya ukoo wa fosforasi na kombora hilo kuna ngazi ndefu ya uchaguzi, na katika kila daraja yuko mtu aliyesimama. Dawa ya wadudu iitwayo malathioni ni ya ukoo huo huo, lakini mwili wa mwanaadamu unaivunja upesi zaidi kuliko unavyoivunja mwili wa mdudu, na tofauti hiyo ndiyo iliyotafutwa na waliotaka kunusuru mazao. Kinyume chake kilitokea Uingereza katika miaka ya 1950. Dawa moja ya wadudu ya ukoo huu iliingizwa sokoni, ikaonekana ni kali mno kwa watu, ikaondolewa. Wakulima waliikataa kwa ukali wake. Wanajeshi waliipenda kwa ukali ule ule, na katika ukoo wake ikatoka VX. Molekuli ni zile zile za jamii moja. Kilichobadilika ni swali aliloulizwa mkemia. Mmoja aliulizwa: nani asidhurike? Mwengine aliulizwa: nani asiokoke? Mwenye kukubali kulijibu swali la pili hawezi kujificha nyuma ya usafi wa elimu, kwa sababu nia imekwisha kuandikwa katika kazi yake.

Hoja ya pili inasema: nisipofanya mimi atafanya mwengine. Hii ndiyo hoja iliyowapa usingizi wengi, na mfano wa kuijibu umo ndani ya kifafa chenyewe. Hakuna seli ya ubongo inayofanya kifafa peke yake. Kila moja inapiga kwa sababu jirani yake amepiga, na kila moja, lau ingekuwa na ulimi, ingesema kwamba ghasia zingekuwepo hata isingeshiriki. Maneno hayo yangekuwa kweli kwa kila seli moja moja, na yangekuwa uwongo kwa zote pamoja. Ubongo hutulia pale zinapopatikana za kutosha zisizoitika. Mwenye kukataa hauzimi moto wote kwa mkono wake, lakini yeye ni sehemu ya kimya ambacho bila yake hakuna afya.

Hoja ya tatu ni ya wale wanaofanya utafiti kwa jina la kinga. Hii ndiyo ngumu zaidi, maana kinga inahitajika kweli. Tarehe 6 Mei 1953, katika kituo cha utafiti cha Porton Down nchini Uingereza, askari kijana wa jeshi la anga, Ronald Maddison, mwenye umri wa miaka 20, alidondoshewa miligramu 200 za sarini juu ya kitambaa kilichofungwa mkononi mwake. Alikuwa miongoni mwa askari waliojitolea kwa malipo madogo. Alikufa siku hiyo. Uchunguzi wa kwanza wa kifo chake ulifanywa kwa siri. Ilipita zaidi ya nusu karne kabla ya uchunguzi mpya kuamua, Novemba 2004, kwamba aliuawa kinyume cha sheria. Dereva wa gari la wagonjwa, ambaye alimwona siku ile akiwa kijana, aliueleza mtukutiko wa mwili wake kama wa mtu aliyeshikwa na umeme. Alikuwa amekaa na picha hiyo kwa miaka 51. Kati ya Christison aliyeitia mbegu ya Calabar kinywani mwake na wale walioidondosha sarini mkononi mwa kijana asiyejua kilicho mbele yake, kuna tofauti ambayo haipimwi kwa ubora wa matokeo. Kutaka kujua hakumpi mtu haki juu ya mwili wa mwengine.

Wala elimu ya tiba peke yake haimkingi mtu. Tarehe 20 Machi 1995, wafuasi wa kundi la Aum Shinrikyo walitoboa vifurushi vya sarini ndani ya treni za chini ya ardhi mjini Tokyo. Mmoja wao, Ikuo Hayashi, alikuwa daktari wa moyo. Aliyajua yote yaliyogunduliwa na Loewi, pengine kuliko abiria wote wa behewa lile, na akatoboa. Wafanyakazi wawili wa reli waliofika kukiondoa kifurushi chake ili kuwalinda wasafiri walikufa. Waliokufa kwa shambulio zima walihesabiwa 13. Wa 14 alifariki mwaka 2020, baada ya kuishi miaka 25 na ubongo ulioharibiwa asubuhi ile. Wale wafanyakazi wawili hawakujua kimeng'enya wala tarishi. Walijua kwamba watu watapita hapo.

Na kabla ya Tokyo ilikuwepo Halabja, mji wa Wakurdi nchini Iraki, ambako tarehe 16 Machi 1988 ndege za serikali ya Saddam Hussein zilimwaga gesi ya haradali pamoja na sumu za neva juu ya wakaazi. Inakadiriwa kuwa kati ya watu 3,200 na 5,000 walikufa, wengi wao wanawake na watoto. Baada ya Tokyo ikaja Ghouta, viungani mwa Damascus, tarehe 21 Agosti 2013, kwa sarini tena. Ukimtafuta mwenye hatia wa Halabja utamkuta rubani, na nyuma yake kamanda, na nyuma yake mtawala, na pembeni yao wafanyabiashara wa kemikali, na mbali kabisa, nyuma ya miaka 50, mkemia wa Leverkusen aliyetaka kuwaokoa wakulima. Kosa lililokomaa halina tena mwenyewe mmoja. Liko kama kifafa cha dakika ya 40: hata aliyelianzisha angejuta na kuacha, linaendelea kwa wengine. Ndiyo maana maadili ya elimu sharti yawe maadili ya mapema. Hukumu ya mahakama baada ya mauaji ni haki ya waliokufa, lakini haimrudishi mlinzi kazini. Dakika zenye thamani ni zile za mwanzo, pale mtu mmoja ndani ya maabara anapojua jambo na hajaamua bado alifanyie nini.

Mataifa yaliufikia uamuzi wa hekima katika jambo hili, ingawa kwa kuchelewa. Mkataba wa Silaha za Kemikali ulitiwa saini kuanzia Januari 1993 na ukaanza kutumika tarehe 29 Aprili 1997. Kenya iliuridhia mwaka huo na Tanzania mwaka uliofuata. Mkataba huo haukutosheka na orodha ya majina ya sumu. Umeweka kanuni kwamba kemikali yenye madhara ni silaha isipokuwa pale inapokusudiwa kwa kazi isiyokatazwa, na kwa aina na kiasi kinacholingana na kazi hiyo. Yaani sheria yenyewe imekiri kwamba jambo la kupimwa ni nia, na kwamba nia huacha alama inayoweza kukaguliwa. Mnamo Julai 2023 Marekani iliteketeza masalio ya akiba yake, na kwa hivyo akiba zote zilizokuwa zimetangazwa na nchi wanachama zikawa zimekwisha. Zilizotangazwa, kwa sababu shambulio la Salisbury nchini Uingereza, Machi 2018, lilifanywa kwa sumu ya neva ambayo hakuna aliyekuwa ameitangaza.

Suala hili lisidhaniwe kuwa ni la madola makubwa peke yake. Ukoo wa fosforasi umo katika mashamba ya Afrika Mashariki, katika chupa za dawa za kunyunyizia mboga na matunda, na kila daktari wa hospitali ya wilaya anaijua sura ya mgonjwa mwenye mboni zilizosinyaa na mate yasiyokatika. Mwenye duka anayeimimina dawa hiyo katika chupa ya soda isiyo na lebo, akijua kwamba nyumba ya mnunuzi ina watoto, amesimama katika daraja ya chini ya ngazi ile ile. Ujuzi wake ni mdogo, na nia yake huenda si mbaya. Lakini alijua, na alikuwa na dakika ya kutenda kwa mujibu wa alichokijua.

Kisa cha Loewi hakikuishia Stockholm. Usiku wa Machi 1938, Wanazi walipoitwaa Austria, walimkamata kwa kuwa ni Myahudi, wakamtia gerezani. Aliamini kuwa atauawa. Kilichomsumbua ndani ya seli ile ni matokeo ya jaribio lake la mwisho, ambayo alikuwa hajayachapisha. Alimbembeleza mlinzi mpaka akapewa kadi ya posta na kalamu, akayaandika matokeo yale kwa muhtasari, akayaelekeza kwa jarida la sayansi, na baada ya hapo moyo wake ukatulia. Hatimaye aliachiliwa, lakini kwa sharti la kuzihamishia fedha zake za Nobel, zilizokuwa katika benki ya Stockholm, kwenye benki iliyo chini ya mamlaka ya Wanazi. Alikufa New York mwaka 1961.

Katika mwaka ule ule wa 1938, dola iliyomfunga Loewi ilikuwa ikiifungia sarini kwa mihuri. Mkononi mwa mfungwa ilikuwepo kadi iliyo wazi, isiyo na bahasha, ambayo tarishi yeyote wa posta angeweza kuisoma njiani. Mwanachuoni hatakiwi kuitangaza kila kanuni ya sumu sokoni. Lakini kusudi la kazi yake, na anayemlipa, na mwili anaojaribia, ni mambo yanayopaswa kuandikika juu ya kadi kama ile. Mwenye kuona kwamba hawezi kuyaandika, basi bado yuko katika dakika zile za mwanzo, na mlango wa kurudi haujafungwa.